Matairi ya Ngorongoro Yatoke Arusha

Kila siku magari ya watalii hupita Karatu kuelekea Lango la Loduare, na malori hupakia vitunguu Mang'ola. Matairi yake mengi huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Lakini ni mjini Arusha kilipojengwa kiwanda cha General Tyre, kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2009, na mashamba ya mpira ya kukilisha yako Muheza na Kilombero.

Kufufua kiwanda si kumwaga fedha za umma katika mitambo mikuukuu. Serikali haina budi kutafuta mbia mwenye utaalamu, kuhakikisha umeme wa kutosha, na kuagiza kwamba magari ya idara na mashirika yake, ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yakiwemo, yavae matairi ya nyumbani maadamu ubora wake umethibitishwa.

Sharti hilo la mwisho ni zito. Tairi likipasuka kwenye mteremko wa kreta, uzalendo hautamwokoa dereva. Na wasimamizi wakumbuke: mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wa viwanda haufufuliwi kwa hotuba, bali kwa soko, hesabu safi na bidhaa inayoaminika.