Mwalimu wa piano wa mtandaoni apimwe kwa sikio lake

Tangu shule zilipofungwa nchini mnamo Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi wa piano walihamia mtandaoni, na si wote waliorejea. Leo mzazi aliye Kitale au Garissa anaweza kumlipa mwalimu aliye Nairobi, London au Chicago amfundishe mwanawe moja kwa moja, kila mmoja akiwa mbele ya ala yake. Suala hili lina uzito zaidi sasa, maadamu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na muziki ni miongoni mwa masomo ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule zenye piano ni chache. Zenye mtu wa kuifundisha ni chache zaidi.

Aghalabu mwalimu wa aina hii hujinadi kwa wasifu: alianza akiwa na miaka mitano, akasomea chuo fulani, akafaulu Gredi ya 8 ya ABRSM, lile baraza la mitihani la Uingereza lililoasisiwa mwaka 1889. Kwa jicho la mwanaisimu, aya hizi ni utanzu wenye kanuni zake, kama ulivyo utenzi na dua yake ya ufunguzi. Zinaeleza mwalimu alikotoka. Hazisemi lolote kuhusu anavyosikia, nami nadai kwamba mtandaoni hilo ndilo la kuulizwa kwanza.

Sababu iko katika fani yangu. Programu za kukutania mtandaoni ziliundwa kwa ajili ya mazungumzo, nazo huchuja kisichofanana na usemi. Usemi hukatikakatika: irabu, konsonanti, kituo. Noti ya piano iliyoshikiliwa kwa kanyagio hulia mfululizo ikififia polepole, na yamkini programu ikaidhania kuwa mvumo wa feni na kuizima. Isitoshe, programu husawazisha sauti ili anayenong'ona na anayefoka wasikike sawa. Katika mazungumzo hiyo ni hisani. Kwa ala ambayo jina lake kamili la Kiitaliano huunganisha upole na nguvu, ni msiba. Mwalimu anayeijua kazi yake humwagiza mwanafunzi auzime uchujaji huo kabla ya noti ya kwanza. Asiyejua hupoteza saa nzima akisahihisha makosa ya mashine.

Kisha kuna ukawiaji. Mwanga hupita katika nyaya za kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi London ni kilomita zipatazo 6,800. Hata waya ungenyooka kama uzi, safari hiyo ingechukua sehemu 34 za elfu moja za sekunde, kabla ya kuhesabu kazi ya kompyuta zenyewe. Wanamuziki huanza kukosana mapigo ukawiaji unapozidi sehemu 30 hivi. Basi mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja. Sharti wapokezane kama wanaojibizana kwa ngonjera. Aliyezoea kumwongoza mtoto bega kwa bega hana budi kueleza kwa maneno yale ambayo mkono wake ungeonyesha. Hapo lugha huwa ndiyo chombo chenyewe cha kufundishia. Mtoto wa miaka minane akiambiwa "legeza kifundo cha mkono" huelewa. Agizo lilo hilo katika Kiingereza cha Chicago huenda likampita.

Nayataja haya kwa makusudi, maana tunao walimu ambao wasifu wao hauvutii. Neno kinanda, ambalo pwani lilikuwa jina la ala ya nyuzi, makanisani leo ni jina la ala ya vitufe, na huko ndiko wapigaji wetu wengi walikoanzia, wakiwafuata waimbaji bila karatasi. Wengine baadaye walisomea muziki katika vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno. Mtu aliyezoea kumfuata mwimbaji anayehama ufunguo katikati ya pambio ana sikio lililofunzwa, ijapokuwa hakuna aliyelitia muhuri. Sisemi kwamba sikio pekee latosha. Anayemwandaa mtoto kwa mtihani lazima ajue kusoma noti. Hata hivyo, cheti nacho kisomwe kwa makini. Tangu mwaka 2020 ABRSM ina mtihani wa piano unaorekodiwa kwa video, ambao, tofauti na ule wa kawaida, hauna jaribio la usikivu.

Mzazi na aombe kipindi kimoja cha majaribio, akae kando asikilize. Mwalimu akiuliza kwanza simu imewekwa wapi, kama mikono na kanyagio vinaonekana, na kama uchujaji wa sauti umezimwa, basi alipwe, awe anaishi London au Kakamega.