Mchezo Usioazimika Si Mali ya Mnunuzi

Kwa miaka kadhaa sasa, kampuni kubwa za ng'ambo zinazotengeneza michezo ya video zimekuwa zikituandaa, kidogo kidogo, kwa mazishi ya diski. Twaambiwa kwamba mchezo wa kisasa hauhitaji tena kisahani cha plastiki: mnunuzi atalipa kwa mtandao, ataupakua akiwa ameketi sebuleni mwake, na biashara itaishia hapo. Wanaotoa kauli hiyo wana sebule zao akilini. Hawana habari za sebule za Kayole, Umoja, Dandora wala Kariobangi. Nia yangu katika safu hii ni kuonyesha kwamba kwa michezo ile iliyosheheni picha za sinema, diski haijafikia umri wa kustaafu, na kwamba hasara ya kuistaafisha kabla ya wakati wake itawaangukia zaidi vijana wa mitaa kama hii yetu ya Eastlands.

Najua wapo walimu watakaokunja uso kwa kuona suala hili likijadiliwa katika ukurasa unaosomwa na wanafunzi. Wana haki yao. Vibanda vya gemu vimewaibia watoto wengi saa za masomo, nami si wakili wa mwenye kibanda anayempokea mtoto aliyevaa sare saa nne asubuhi. Hata hivyo, mchezo wa video wa siku hizi ni kazi ya sanaa iliyokusanya hadithi, uigizaji, muziki na uchoraji mahali pamoja. Kijana wa Buruburu anayetaka kujifunza uhuishaji hana budi kuzitazama kazi hizo kwa makini, kama vile mwanafunzi wa fasihi alivyo hana budi kusoma riwaya za watangulizi wake. Kwa hiyo swali la nani ataweza kuzifikia, na kwa njia gani, ni swali la elimu pia.

Tukumbushane historia kidogo, maana ina kinaya chake. Picha za sinema ndizo zilizoileta diski katika michezo hii. Mwaka 1993 mchezo uitwao The 7th Guest ulitolewa kwa CD mbili kwa sababu video zake zisingeenea katika diski laini za zama hizo; miaka miwili baadaye, Phantasmagoria ukahitaji CD saba. Final Fantasy VII wa mwaka 1997 ulichukua CD tatu. Watengenezaji wake, kampuni ya Square ya Japani, waliihama Nintendo na kuhamia PlayStation, na sababu kubwa ilikuwa nafasi: katriji za mashine ya Nintendo hazikuzidi megabaiti 64, ilhali CD moja hubeba takriban megabaiti 650. PlayStation 2 ikaja mwaka 2000 na DVD, kisha PlayStation 3 ikaja mwaka 2006 na Blu-ray yenye uwezo wa kubeba gigabaiti 50. Kila mara picha zilipoongezeka, diski ilipanuka ili izipokee. Leo twaambiwa kwamba picha zimekuwa nyingi mno kwa diski, na dawa yake eti ni kuiondoa diski yenyewe.

Huku kwetu mashine hizo zilifika kwa njia zetu wenyewe, nyingi zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine. Hazikukaa katika vyumba vya watoto wa matajiri pekee. Ziliwekwa katika vibanda vya mabati kando ya kinyozi na muuza mboga, mbele ya televisheni na benchi moja au mawili, na kila mchezaji akalipa sarafu zake kwa mechi. Diski ndiyo iliyouwezesha utaratibu huo. Diski moja ya Grand Theft Auto: San Andreas iliweza kuchezwa Jericho wiki hii, ikaazimwa Maringo wiki ijayo, na hatimaye ikauzwa Mbotela kwa nusu ya bei yake ya kwanza. Mwenye kibanda mmoja wa huko Umoja aliwahi kunieleza kwamba mtaji wake hasa si mashine, kwani mashine huharibika. Mtaji wake ni rundo la diski ambazo akizichoka huzibadilisha na jirani wa kibanda cha pili. Huo ni uchumi mzima, mdogo lakini halali, uliosimama juu ya kitu kinachoshikika.

Nilipotaja uhalali, najua msomaji makini ameguna. Ni kweli kwamba diski nyingi zilizouzwa mitaani zilikuwa nakala bandia, na mashine nyingi zilifunguliwa na mafundi ili zikubali kuzisoma. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya imehangaika miaka na miaka na stika zake za kuthibitisha kazi halisi, na wasanii wetu wameumia. Siwezi kuutetea wizi huo. Lakini nauliza: je, kupakua kumekuwa dawa? Tazameni maduka yetu ya filamu. Yaliacha kuchoma DVD, yakaanza kunakili faili kwenye flashi ya mteja kwa bei nafuu zaidi. Mwizi alihama kutoka diski hadi faili bila kutokwa na jasho. Aliyebaki nyuma ni mnunuzi mwaminifu.

Sasa tuyatazame mambo yalivyo. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo Quantum Break, ambao ndani yake mlikuwa na vipindi vya tamthilia vilivyoigizwa na watu halisi. Vipindi hivyo havikuenea katika diski; aliyeununua alitakiwa kuvitazama moja kwa moja kutoka mtandaoni, au avipakue kando, mzigo wa zaidi ya gigabaiti 70. Watengenezaji hao hao, Remedy wa Finland, walipotoa Alan Wake 2 Oktoba 2023, mchezo mwingine uliojaa sinema, hawakutoa diski kabisa. Walijitetea kwamba wengi wamekwisha kuhamia mtandaoni, kwamba bei ingepanda, na kwamba hawakupenda kuuza diski ambayo bado ingemlazimu mtu kupakua. Diski ilikuja mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024. Kwa maoni yangu, hoja ya tatu ndiyo pekee yenye uzito. Hiyo ya wengi kuhama yategemea ni wengi wa wapi wanaohesabiwa.

Pigo lililowauma zaidi wenye vibanda lilitoka kwenye kandanda. Mchezo wa Pro Evolution Soccer, ambao vijana wa Eastlands waliupenda kama walivyoipenda Gor Mahia au AFC Leopards, ulibadilishwa jina mwaka 2021 ukawa eFootball, ukatolewa bure, lakini kwa kupakua tu. Bure ni neno tamu. Asiyekuwa na mtandao alikuta vilabu vichache tu vya kuchezea, na kibanda kilichokuwa na rundo la diski kikajikuta hakina cha kubadilishana.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili ubaoni. Mchezo wa gigabaiti 100 ni sawa na megabiti 800,000. Mtandao wa nyumbani wenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde utahitaji sekunde 80,000 kuuvuta, yaani zaidi ya saa 22, pasipo kukatika na pasipo mtu mwingine nyumbani kuugusa. Sasa warudi nyuma hadi mwaka 1998: CD ya megabaiti 650, kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ingechukua karibu saa 26. Mtandao umeongezeka kasi mara 180 hivi, lakini mchezo nao umenenepa mara 150 na ushei, na kijana wetu amesimama karibu pale pale alipokuwa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Hata hivyo, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika Mei 12, 2024, eneo zima la Afrika Mashariki lilionja uzito wa kutegemea uzi ulio chini ya maji. Tena katika magorofa ya Kayole na Umoja, uzi mmoja wa mtandao aghalabu hugawanywa na wapangaji kadhaa. Atakayeanza kupakua mchezo wa gigabaiti 100 Ijumaa jioni atagombana na ghorofa nzima kabla ya Jumapili.

Diski ya mchezo huo huo husafiri kwa matatu kutoka katikati ya jiji hadi Donholm kwa chini ya saa moja, hata msongamano wa Barabara ya Jogoo ukiwa mbaya kiasi gani.

Lakini suala la kasi litatatuliwa na wakati. La umiliki halitatatuliwa na wakati, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Anayepakua hapewi mali, hupewa ruhusa. Jimbo la California, ambalo ni makao ya kampuni nyingi za aina hii, lilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, ikiwataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Serikali haitungi sheria ya namna hiyo kama watu hawajawahi kudanganyika. Na ruhusa hutolewa kwa anayetakiwa. Mei 2024, mchezo Helldivers 2 uliondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu kampuni ya Sony ilikuwa imetaka kila mchezaji awe na akaunti ya PlayStation, na nchi hizo, Kenya ikiwamo, hazikuwa katika orodha yake ya nchi zinazohudumiwa. Sony iliregeza kamba kuhusu akaunti baada ya malalamiko ya siku chache, ila orodha ilikuwa imekwisha kuonekana. Vijana wetu kwa muda mrefu wamelazimika kujisajili kana kwamba ni wakazi wa Uingereza au Afrika Kusini ili wapate kununua kitu kwa pesa zao halali. Tangu Juni 2022 mtu anaweza kulipa kwa kadi ya Visa iliyounganishwa na M-Pesa, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini unafuu wa kulipa haufungui mlango wa duka ambalo halimtambui mteja.

Diski yenyewe nayo isitakaswe kupita kiasi. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za mchezo wake The Crew mwishoni mwa Machi 2024, hata wenye diski walibaki na plastiki tupu, kwa kuwa mchezo ule haukuweza kwenda bila seva. Diski ninayoitetea ni ile iliyobeba kazi nzima. Wala haiwezi kusemwa kwamba hilo haliwezekani: Final Fantasy VII Rebirth wa Februari 2024, pamoja na sinema zake zote, ulitolewa kwa diski mbili, kama baba yake wa mwaka 1997 alivyotolewa kwa tatu.

Walimu watalielewa jambo hili upesi wakilitazama kwa jicho la kitabu. Ni wanafunzi wangapi wa Eastlands waliosoma kitabu cha fasihi kilichokuwa cha kaka au dada, chenye majina matatu yaliyokatwa katika ukurasa wa kwanza? Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyohusu bei ya riwaya, kwamba mchapishaji akishauza kitabu hana mamlaka juu ya mauzo yake ya baadaye. Juu ya msingi wa namna hiyo ndipo panaposimama biashara ya vitabu vikuukuu kila mahali, ikiwamo ile ya kando ya barabara zetu. Kupakua kunaubomoa msingi huo kimyakimya. Maktaba za Makadara na Kaloleni, ambazo shirika la Book Bunk limejitahidi kuzifufua, zinaweza kupokea diski, kuiandikia namba na kuiazimisha. Haziwezi kuazimisha nenosiri la mtu.

Kuna upande mmoja ambao kupakua kunastahili sifa zake zote, nao ni wa watengenezaji wetu wenyewe. Wesley Kirinya alipotengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Andrew Kaggia alipotoa Nairobi X mwaka 2015, hawakuwa na ghala wala mawakala wa kusambaza diski Ulaya na Asia. Mtandao humfikisha kijana wa namna hiyo kwa wachezaji wa ng'ambo bila nauli. Sitaki aliye na kompyuta moja huko Dandora alazimishwe kuchapa diski elfu tano kabla ya kuonekana. Ninaowadai diski ni wenye uwezo wa kuzichapa kwa mamilioni, na ambao kazi zao ni nzito kiasi cha kuzimaliza data za familia nzima.

Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ndani yake mna sehemu inayohusu mikataba ya intaneti na habari ambazo muuzaji hana budi kuzitoa. Ningependa wabunge wetu waongeze humo vifungu viwili. Cha kwanza, kila mchezo unaouzwa nchini uandikwe kwa maneno ya kusomeka, kwenye kasha au kwenye ukurasa wa kulipia, ni gigabaiti ngapi zitakazopakuliwa kabla haujachezeka. Cha pili, uandikwe kama mnunuzi anaruhusiwa kuuazima na kuuuza. Vyama vya walimu, ambavyo havijawahi kukosa sauti vinapoitaka, vinaweza kuvidai vifungu hivyo pamoja na wazazi, na maktaba ya Makadara ikatengewa rafu moja ya diski, kando ya riwaya, kwa saa za baada ya masomo.