Chakula cha mbwa kikaguliwe kama chakula cha watoto

Kati ya mwaka 2006 na 2008, watu 79 katika majimbo 21 ya Marekani waliugua kutokana na aina moja ya salmonela, na karibu nusu yao walikuwa watoto wasiozidi miaka miwili. Wachunguzi waliikuta bakteria hiyo kwenye mifuko ya chakula kikavu cha mbwa, kwenye kinyesi cha mbwa waliokila na katika kiwanda kilichokitengeneza, huko Everson, Pennsylvania. Zaidi ya tani 23,000 za chakula hicho ziliondolewa sokoni, na mwishowe kiwanda kikafungwa kabisa. Lakini jambo linalopaswa kutushtua zaidi ni hili: ugonjwa wa watoto wachanga ulihusishwa na kumlishia mnyama jikoni. Mtoto si lazima ale chakula cha mbwa. Bakuli liko sakafuni, punje zimedondoka, yeye anatambaa, anapapasa, kisha anatia vidole mdomoni.

Wapo watakaosema chakula hicho hupikwa kwa joto kali, kwa hiyo ni salama. Ni kweli joto huua salmonela, ila mafuta na viungo vya kuongeza ladha hunyunyiziwa punje zikiwa zimekwisha kuiva, na hapo uchafu unaweza kuingia upya. Ukavu nao hauiui; bakteria hiyo hudumu miezi ndani ya mfuko. Wala afya ya mbwa si kipimo, maana anaweza kuibeba na kuitoa kwenye kinyesi huku akionekana mzima kabisa.

Wengine watasema hayo ni ya wazungu, sisi mbwa wetu tunawapikia wenyewe. Kupikia si kinga ikiwa unampikia mahindi yaliyoota ukungu. Mwishoni mwa 2020 chakula cha mbwa chenye sumukuvu kiliondolewa sokoni Marekani, na taarifa za vifo vya mbwa zilipita 110. Sumu hiyohiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kuchemsha hakuiondoi, na mahindi ya mbwa mara nyingi yametoka gunia lilelile la familia.

Ndiyo maana sikubaliani na hoja kwamba mamlaka zetu zina mambo makubwa zaidi ya kukagua. Marekani, kwa sheria yake ya usalama wa chakula ya 2011, iliwabana pia watengenezaji wa chakula cha wanyama wazuie hatari kabla bidhaa haijatoka kiwandani. Sisi tuanze na kinachopimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa dukani: hakina jina la kiwanda wala namba ya toleo, hivyo kikigundulika kibovu hakuna atakayejua kiko nyumba zipi. Kiuzwe katika mfuko wake. Nawe msomaji, toa bakuli la mbwa jikoni leo, lioshe mbali na vyombo vya familia, na kila ukimaliza kumlisha nawa mikono kwa sabuni.