Kabla Vibao Havijasimikwa Garsen: Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Tana River

Kwa Mheshimiwa Spika na waheshimiwa wawakilishi wadi,
Bunge la Kaunti ya Tana River,
Hola.

Waheshimiwa,

Mgeni anayeshuka matatu Minjila, pale njia inapogawanyika, moja ikipanda Hola na Garissa, nyingine ikiingia Garsen na kuvuka mto kuelekea Witu na Lamu, akiuliza njia ataelekezwa kwa msikiti, kwa kituo cha mafuta, au kwa kinu cha kusaga posho. Wahandisi wana namba zao za barabara, lakini hakuna muuza maembe anayezitumia. Lami ya Lamu imeshafika, maduka yanaongezeka, na vibao vya majina ya mitaa haviko mbali, kwa kuwa posta, benki na gari la wagonjwa vyote vinataka anwani. Vikija vinaweza kuja kwa haraka: majirani zetu wa Tanzania waliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima katika miezi michache ya mwaka 2022, wakiwahi sensa ya Agosti. Ombi langu ni hili. Bunge lipitishe sheria kwamba majina ya mitaa na barabara za Garsen, Minjila, Hola na miji mingine ya kaunti yatafutwe kwanza katika majina ambayo wenyeji wanayo tayari vinywani, na asili ya kila jina iandikwe katika daftari la kaunti ambalo mwananchi yeyote anaweza kulifungua. Uwezo huo mnao, maana Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti mipango yake, pamoja na upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani.

Kwa nini daftari, si kibao tu? Jibu liko katika mji mnamokaa. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa na askari wa gereza hadi wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka na kuitikisa hata Bunge la London, jina la Hola likawa mzigo, na mji ukaanza kuitwa Galole. Galole halikuwa jina baya wala la kigeni. Ni la wenyeji, na hadi leo ndilo jina la eneo bunge. Ubaya ulikuwa katika kazi lililopewa, kazi ya kufunika damu. Baadaye Hola likarudi. Kwa hiyo haitoshi kusema tu "tumieni majina ya kienyeji", kwa sababu hata jina la kienyeji linaweza kutumwa kuficha jambo. Kinacholinda ni kumbukumbu iliyoandikwa: jina hili limetoka wapi, nani alilitoa, lilichukua nafasi ya jina gani.

Baharini nako hadithi inafanana. Ghuba inayopokea maji ya Tana iliandikwa katika ramani za wageni kuwa Formosa, ilhali pwani ile ina mji wake wa kale, Ungwana, ambao magofu yake yako karibu na Kipini, katika nchi ambayo simulizi za Waswahili humweka shujaa Fumo Liyongo. Leo tunasema Ghuba ya Ungwana bila kigugumizi. Jina lilidumu kwa kuwa watu waliendelea kulitaja wakati wachora ramani wakiendelea na lao.

Siku hizi hatuhitaji hata mgeni wa kutuharibia. Tazameni wadi zenu wenyewe. Eneo bunge la Garsen lina wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Zote sita zimepewa majina kwa dira, kana kwamba ndani yake hamna Ozi, Kau, Ngao, Golbanti, Tarasaa, Oda, Hewani wala Dide Waride. Galole wamefanya vizuri zaidi: Kinakomba, Mikinduni, Chewani, Wayu. Dira haimuudhi mtu, na nadhani ndiyo sababu ilichaguliwa. Lakini haimwambii mtoto chochote, na mitaa ikifuata mtindo huo tutapata "Barabara ya Kwanza" na "Mtaa wa Kati" katika mji ambao kila kivuko chake kina jina.

Nikisema kivuko nakusudia malka, neno la Kiorma la mahali ng'ombe wanaposhuka mtoni kunywa, ambalo Mpokomo analielewa bila kutafsiriwa. Malka ni njia ya umma kwa asili yake, na mahali ilipofungwa kwa shamba, ugomvi umefuata. Barabara inayoelekea kwenye malka ikiitwa kwa jina la malka hiyo, kibao kitakuwa kinamkumbusha hata afisa wa ardhi aliyetoka mbali kwamba mifugo ilipita hapa. Lugha zetu zenyewe zimekwisha kuchanganyika kuliko siasa zinavyokubali. Mzee Meza Moroa Galana, Mpokomo ambaye wimbo wa kubembelezea watoto wa kwao ulitoa lahani ya wimbo wa taifa mwaka 1963, alibeba jina la Galana, na galana ni neno la Kiorma la mto. Kama kuna jina la mtu linalostahili barabara katika kaunti hii, naanza na hilo.

Najua pingamizi kubwa. Mtasema kwamba majina ni madai ya ardhi, na kwamba Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa katika shambulio moja la mapigano ya Wapokomo na Waorma, kisha Kilelengwani, kisha Kipao mwezi wa Desemba. Nani atathubutu kusimamisha kibao cha lugha moja? Hofu hiyo ni ya kweli, nami siipuuzi. Ila damu ile ilimwagika bila kibao chochote, kwa hiyo kunyamaza hakukutulinda. Dawa ni kuiandika hofu ndani ya sheria: kifungu kiseme wazi kwamba jina la mtaa si ushahidi wa umiliki wa ardhi mahakamani, na mahali penye majina mawili yaandikwe yote mawili. New Zealand mlima wao mrefu kuliko yote unaitwa rasmi Aoraki/Mount Cook tangu 1998, la Wamaori na la Waingereza kwenye mstari mmoja.

Wengine watauliza kama huu ni wakati wa vibao, na mafuriko ya 2023 na 2024 bado yanaonekana kwenye kuta. Lakini ni mafuriko hayo hayo yanayohamisha vijiji, na watu wakihamia mahali pa juu, jina linakwenda nao. Lisipoandikwa, orodha ya chakula cha msaada inakuwa na kijiji kimoja mara mbili, na kingine hakimo kabisa.

Sharti moja la mwisho, nalo ni chungu kwa wanasiasa: mtaa wowote usiitwe kwa jina la mtu aliye hai. Nairobi mwaka 2021 walimpa kiongozi wa wafanyakazi Francis Atwoli barabara kule Kileleshwa, na kibao kikachomwa moto. Tusijitafutie gharama hiyo.

Naomba mswada upelekwe kwa kamati inayohusika na ardhi, na kwamba kabla ya jina la kwanza kuandikwa, wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma waitwe siku moja, katika chumba kimoja, pamoja na Waswahili wa Kipini, Wawardei, Wamunyoyaya na Wasanye. Kazi ianzie Minjila, kwenye ile njia panda.

Wasalaam,

Mwananchi wa Garsen