Kengele ya hatari isingoje Kinshasa

Wabunge wa Kinshasa wakitunga sheria ya kuunda mfumo mmoja wa kutoa tahadhari nchi nzima, swali la kwanza la watu wa Kasongo na Kabambare litakuwa hili: nani ana ruhusa ya kupiga kengele?

Mfumo mmoja una faida. Leo habari ya watu wenye silaha upande wa Salamabila, au ya mto Luama kufurika, hupita kwa waendesha pikipiki, wachuuzi na simu za ndugu. Ikifika Kasongo imekwisha geuka. Wengine wanakimbia bure na kuacha mpunga shambani. Wengine wanabaki kwa kudhani ni uvumi tena. Familia zilizohama zinajua bei ya makosa yote mawili.

Lakini tahadhari inayongoja wakubwa huchelewa. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na wakaaji wa Goma hawakuwa wamepata onyo la serikali. Watu zaidi ya 30 walikufa. Goma ina simu, redio na kituo cha kuchunguza volkeno. Je, kijiji cha Kabambare kisicho na mtandao wa simu?

Tena, mkono unaoshika kengele unaweza pia kuizima. Mara tu baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti na ujumbe wa simu kwa karibu wiki 3.

Kwa hiyo sheria iwe na vifungu vinavyoeleweka. Mkuu wa sekta au wa chefferie apewe haki ya kutoa tahadhari bila kungoja gavana wala waziri. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 imekwisha zipa sekta na chefferie mamlaka yao. Tahadhari itolewe kwa Kiswahili, ambacho Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa, si kwa Kifaransa peke yake. Redio za jamii zipewe mafuta ya jenereta. Ngoma, kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vihesabiwe kuwa sehemu ya mfumo. Anayetoa habari kwa nia njema asikamatwe.

La mwisho ndilo zito. Huko Kivu, MONUSCO iligawa simu kwa viongozi wa vijiji ili watoe taarifa ya hatari, lakini kupiga simu hakukutosha pale msaada ulipokawia njiani. Sheria iwalazimishe jeshi na polisi kuandika saa waliyopokea tahadhari na hatua waliyochukua, na maandishi hayo yasomwe mbele ya wakaaji.

Wabunge waliochaguliwa Kasongo na Kabambare wadai vifungu hivyo kabla ya kupiga kura, na wananchi wawaulize wakirudi kwao.