KILICHOFUTWA HAKIJAFUTIKA

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, bila shaka mmesikia habari njema kwamba tarakilishi nne za ofisini zitaletwa maabara muhula ujao tuzitumie sisi. (Tarakilishi ndiyo kompyuta. Msinicheke, hili ni jarida la Kiswahili.) Nimefurahi kama mwingine yeyote, maana foleni ya pale maabara inachosha. Lakini nauliza: zitakuja na nini tumboni?

Mtaniambia, "Aah, si karani atafuta faili zote!" Hapo ndipo penye shida. Ukifuta faili, tarakilishi haiondoi maneno yaliyoandikwa kwenye diski. Huondoa jina la faili katika orodha yake, ikaandika kwamba mahali pale sasa ni wazi. Ni kama mkutubi achane kadi ya kitabu, kisha akiache kitabu chenyewe rafuni. Hata kumwaga pipa la taka hakubadilishi kitu. Maneno yatakaa pale mpaka faili jingine liandikwe juu yake, na hiyo huenda ikawa kesho au baada ya miaka mitatu. Zipo programu za bure, PhotoRec ikiwa mojawapo, zinazopekua nafasi hizo na kufufua yaliyozikwa. Kazi hiyo haihitaji profesa.

Liko jambo la pili, ambalo hata wale wanaojiita mabingwa wa tarakilishi aghalabu hawalijui. Faili kubwa mara nyingi hukatwa vipande na kutawanywa huku na huku katika diski. Kuvikusanya vipande hivyo vikae pamoja ndiko kuitwako difragi, na Windows za siku hizi hupangiwa kuifanya yenyewe kila wiki. Ni vizuri, diski husoma upesi. Ila kuhama kwa data si kama kuhama bweni. Ukihama kitanda, wewe na sanduku lako mmekwenda. Kipande cha faili kikihamishwa hunakiliwa mahali papya, na kule kilikotoka kivuli chake kinabaki. Basi barua moja ya siri yaweza kuwa na mabaki mahali patatu au pane, na karani wa watu hana habari. Hata akitumia programu ya kuisaga ile faili, atakuwa ameisaga nakala ya mwisho tu.

Kwa hivyo nashikilia hivi: faili zifutwe, pipa limwagwe, difragi ifanywe, ndipo nafasi yote tupu ioshwe. Ukiosha kwanza halafu udifragi, faili zilizosalia zitaacha mabaki mapya, mithili ya mtu apigaye deki kisha akapita na viatu vya matope. Windows ina amri yake ya kuosha, cipher /w:C:\, nayo huandika juu ya nafasi tupu mara tatu: sifuri, kisha 255, kisha namba za kubahatisha. Haigusi faili zilizopo, kwa hiyo programu zetu za kuchapia zitabaki salama.

Wako watakaosema nakuza mambo. Kati ya mwaka 2000 na 2002, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski kuukuu 158. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizosafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta habari za wagonjwa na nambari za kadi za mkopo zaidi ya 5,000.

Wengine watasema, "Mimi sina siri." Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Fikiria ni nani amewahi kumweleza mwalimu mshauri mambo ya nyumbani kwao, ni nani ana deni la karo, ni nani anameza dawa kila siku. Hayo yote huandikwa ofisini. Kisha sisi, tunaojuana kwa udaku, tukabidhiwe diski hizo? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 hailindi watu wazima pekee. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na hizo zilikuwa picha tu.

Wenye diski za SSD wasiniige. Hizo hazihitaji difragi, na kwa kuwa hujichagulia zenyewe pa kuandika, kuosha nafasi tupu hakuna uhakika. Zina amri yake maalum ya kufuta. Zetu ni za sahani, ukitega sikio utazisikia zikinguruma. Diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, ikiwa na nafasi tupu ya gigabaiti 300, itamaliza mizunguko mitatu kwa muda wa saa mbili na nusu. Tarakilishi nne zaweza kuoshwa kwa pamoja Jumamosi moja alasiri, wakati wengine wako uwanjani. Karani au mwalimu wa zamu akae nazo mwenyewe, na stima isipotee.