MEZA YA RANGI KATIKA CHUMBA CHA WENGI

Kuna wenzetu wanaosema ati kupaka rangi vinyago vidogo vidogo ni uraibu wa watoto wa Nairobi, wale wenye vyumba vyao peke yao. Kwetu huku Kakuyuni, wanasema, chumba kimoja kinalala watu wanne, cherehani ya mama i papo hapo, madaftari ya mdogo wako yapo, na Hawe naye kitanda chake kiko pembeni. Hiyo meza ya rangi utaiweka wapi? Mimi napinga. Nafasi ipo. Ila ina masharti yake, na moja katika hayo linagusa uhai wa mtu.

Vifaa kwanza. Sisi hatuna haja ya askari wadogo wa madini wa kununua, kama wale ambao Mwingereza H. G. Wells aliwaandikia kitabu kizima cha mchezo mwaka 1913. Malindi mjini wachongaji wapo. Zamani walipenda mpingo na muhugu, lakini miti hiyo ilipoadimika wengi wa Pwani waligeukia mwarobaini, ambao huku kwetu umejaa kila uani. Kipande ambacho kwa mchongaji ni kuni, kwako ni tembo wa kimo cha kidole gumba, au dau dogo na tanga lake. Kipige msasa, kipake nyeupe nyembamba, ngoja ikauke kabisa, ndipo uanze rangi nyingine. Vifuniko vya chupa za soda ndivyo vikombe vya rangi. Na meza yenyewe wala si meza! Ubao wa futi mbili kwa moja, unaolazwa juu ya cherehani mama akishamaliza kushona, unatosha kabisa. Kazi ikiisha, ubao husimamishwa ukutani na chumba kinarudi kuwa cha watu wote.

Uweke dirishani. Mwangaza wa alasiri ni wa bure, na jicho halichoki kama usiku. Walio na paa la makuti wanajua vumbi linavyodondoka juu ya rangi mbichi. Dawa yake ni kawa la kufunikia chakula, moja tu, bora umwombe mama kabla hujalichukua. Miezi ya kaskazi rangi hukauka upesi. Mvua za masika zikishaanza, subira.

Sasa nije kwenye rangi, maana hapa ndipo watu hawataki kusikia. Rangi ya mafuta inang'aa, kweli. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mng'aro za namna hiyo juu ya vipande vya hadibodi, na jina lake limefika duniani kote. Lakini rangi ya mafuta huenda na tarpentini, na tarpentini katika chumba wanacholala watu, karibu na koroboi, chini ya makuti, ni kuiita nyumba nzima iungue. Harufu yake nayo haimwachi mzee mwenye kifua alale. Isitoshe, rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, madini yale yale ya betri za magari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto. Mnakumbuka Owino Uhuru kule Mombasa? Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaletea wakazi sumu hiyo, Bi. Phyllis Omido akalivalia njuga jambo lile, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa zikafuata, hata Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Basi lile kopo kuukuu lililobaki darini tangu nyumba ipakwe, liache huko huko. Tumia rangi ya maji.

Tena usilambe brashi ili kuichonga ncha! Marekani, tangu mwaka 1917, wasichana wa viwandani walipaka nambari za saa kwa rangi ya radiamu, ile inayong'aa gizani, wakaambiwa wachonge brashi kwa midomo. Wengi waliugua mataya na mifupa wakafa. Watano walishtaki, wakalipwa fidia mwaka 1928. Kitambaa chenye maji kinachonga ncha vile vile.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni Hawe. Kaunti yetu ya Kilifi ina aibu ambayo sote twaijua: wazee wenye mvi huitwa wachawi, hufukuzwa, huuawa, na mara nyingi ukichimba chini utakuta ugomvi wa shamba. Baadhi ya walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Sasa chukua vinyago kumi vya watu, macho mekundu, umevifunga kitambaani na kuvisukuma chini ya kitanda cha ajuza. Wewe wajua ni mchezo wako. Jirani anayetafuta sababu hajui, wala hataki kujua.

Kwa hiyo nasema, chumba akilalacho mzee kisipakwe vinyago vya watu. Paka tembo, ndege, kaa, madau, matatu ya Malindi ukipenda. Na vyote vikae kwenye rafu ya wazi, mbele ya mlango, kila aingiaye avione na avishike. Mfano wa kigango usiuguse kabisa. Hiyo ni kumbukumbu ya mzee wa Gohu aliyefariki, si kitu cha kuchezea mezani.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliniambia kwamba nikisema hivyo nauogopa ushirikina, na kwamba mtu msomi hapindishi sanaa yake kwa ajili ya wajinga. Hoja yake ni nzuri, tena ningemuunga mkono kama panga lingekuja kwake au kwangu. Halitakuja kwetu. Litakwenda kwa Hawe, ambaye hata hakuulizwa kama anataka vinyago chumbani mwake. Kuwafunza majirani ni kazi ya miaka, nasi tuifanye kwa michezo ya kuigiza na mijadala, lakini huwezi kumfanya bibi yako kuwa ubao wa kufundishia.

Anayetaka kupaka watu, na wapo wenye kipawa hicho, apate pahali pengine. Nawaomba walimu walezi wa chama hiki watupe lile kabati tupu lililo nyuma ya maktaba, na ruhusa ya saa moja kila Jumatano baada ya masomo. Ubao tutaleta wenyewe, na vipande vya mwarobaini pia.